Wayo unaowaka chini ya vidole: tafuta chanzo kabla ya dawa

Ukisimama asubuhi kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni, Mombasa, pale watu wanapomiminika kutoka ferini kuelekea mjini, hutakosa kumwona mtu aliyejitenga na msafara, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, amevua kiatu kimoja na anaufikicha wayo wake mahali vidole vinapoanzia. Baada ya dakika moja hivi hukivaa kiatu, hujaribu hatua mbili tatu, kisha huendelea na safari yake. Kitendo hicho humweleza daktari mengi kuliko maneno ya mgonjwa, kwa sababu mshipa wa fahamu uliobanwa kati ya mifupa ya wayo una tabia yake: huuma mtu akiwa ndani ya kiatu, na hutulia kiatu kikivuliwa na wayo ukasuguliwa.

Makala haya yanahusu maumivu ya sehemu ile nene ya wayo iliyo nyuma tu ya vidole, ambayo hubeba uzito wote wa mwili pindi kisigino kinapoinuka. Nimeyapanga kwa kufuata dalili, kwa kuwa wengi wetu huanza na dawa kisha tukaja kuulizana baadaye ilikuwa ya nini. Nami nilianza hivyo hivyo. Wayo wangu wa kulia uliniuma kwa muda wa miezi minane, nikanunua dawa za kuchua za kila rangi, nikaambiwa ni baridi ya mifupa, nikaambiwa ni uzito, na katika muda wote huo hakuna aliyeniambia niketi chini nitafute kwa kidole mahali hasa panapouma.

Kwanza, paguse panapouma

Keti barazani mchana au penye taa nzuri, uupandishe mguu unaouma juu ya goti la mguu wa pili ili wayo ukutazame. Kwa ncha ya kidole gumba cha mkono, bonyeza vichwa vya mifupa iliyo chini ya vidole, mmoja baada ya mwingine, kisha urudi kubonyeza mabonde yaliyo kati ya mifupa hiyo. Usifanye haraka, kwa sababu mfupa unaouma na bonde linalouma ni majibu mawili tofauti, na matibabu yake hayafanani.

Ikiwa uchungu mkali uko bondeni, hasa katika bonde la kati ya kidole cha tatu na cha nne ukihesabu kuanzia kidole gumba, dhana ya kwanza iwe ni mshipa wa fahamu. Bonde la kati ya kidole cha pili na cha tatu ndilo linalofuata kwa kupatwa. Mabonde mengine ni nadra. Ukiwa bado umelibonyeza bonde hilo, tumia mkono wa pili kuubana wayo kutoka pembeni zake mbili, kama anayekamua ndimu. Wengine husikia kitu kikialika ndani, na uchungu ule ule wa njiani hurudi papo hapo. Madaktari huuita mwaliko huo ishara ya Mulder, kwa jina la aliyeueleza mwaka 1951. Usiposikia mwaliko, usihitimishe kwamba umepona au kwamba umekosea; wapo wenye ugonjwa huu ambao wayo wao haualiki kamwe.

Inafaa kujua kinachotokea ndani, kwa kuwa karibu kila shauri litakalofuata linatokana nacho. Katika kila bonde hupita mshipa mmoja wa fahamu ambao, ukikaribia vidole, hugawanyika matawi mawili, moja likienda ubavu wa kidole hiki na jingine ubavu wa kidole jirani. Ndiyo maana ganzi ya ugonjwa huu hushika mbavu mbili zinazotazamana za vidole viwili, wala haishiki kidole kizima pande zote. Juu ya mshipa huo imepita kano ngumu inayofunga vichwa vya mifupa visiachane. Kila kisigino kinapoinuka na vidole kukunjwa kuelekea juu, mshipa huvutwa na kukandamizwa kwenye ukingo wa kano hiyo, na kiatu chembamba kikiongeza kubana kutoka pembeni, mshipa hukosa pa kwenda. Jambo hilo likirudiwa kwa miaka, nyama inayouzunguka mshipa huwa nene na ngumu kama kovu, na kadiri inavyonenepa ndivyo inavyozidi kubanika.

Ugonjwa huu hujulikana kwa jina la Thomas George Morton, mpasuaji wa Philadelphia nchini Marekani aliyeueleza mwaka 1876, ingawa Lewis Durlacher, mtibabu wa nyayo wa Uingereza, alikuwa amekwisha kuueleza mwaka 1845. Vitabu vya tiba huuita nuroma, neno ambalo huwatia watu hofu bure kwa kuwa hudokeza uvimbe wa hatari. Si saratani, wala haugeuki kuwa saratani. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na wengi huanza kuusikia wakiwa watu wazima wa makamo.

Maumivu yanakuja na kiatu na kuondoka nacho

Hii ndiyo sura ya kawaida zaidi. Mgonjwa hueleza kuwaka moto, au sindano inayochoma na kukimbilia kwenye vidole viwili, au hisia ya kukanyaga kijiwe au soksi iliyojikunja, akikivua kiatu ili akitoe kijiwe hakuti kitu. Ukijiona katika maelezo haya, mshtakiwa wa kwanza ni kiatu, na ushahidi wake hupatikana nyumbani bila gharama. Jioni, miguu ikiwa imekwisha kuvimba kwa joto la mchana, simama juu ya karatasi bila viatu na mtu akuchoree mzunguko wa wayo wako. Kisha weka kiatu chako juu ya mchoro huo. Ikiwa mstari wa penseli unaonekana nje ya kiatu upande wa vidole, basi kila siku umekuwa ukiukunja wayo uingie mahali usipoenea.

Viatu vya visigino virefu vina makosa mawili kwa pamoja: huusukuma uzito wa mwili mbele kwenye sehemu inayouma, na huviacha vidole vimekunjwa kuelekea juu muda wote vinapovaliwa. Nawajua kina mama ambao hawana shida yoyote mwaka mzima isipokuwa msimu wa harusi, na ambao usiku wa kupamba huumaliza wakiwa wamevificha viatu chini ya kiti. Kwa mtu wa namna hiyo sioni haja ya kuwanyima watu furaha yao. Avae kiatu kirefu kwa saa moja ya kuingia na kupigwa picha, kisha abadilishe. Anayevivaa siku tano kwa wiki kazini ndiye ambaye hatapona asipoviacha.

Wanaume hujidhania wamo salama, lakini kiatu cheusi cha ofisini chenye ncha iliyochongoka hubana sawasawa na kiatu cha mwanamke, na buti la kazi lenye chuma mbele, la namna wanayovaa watu wa bandarini na wa viwandani, likiwa dogo kwa nusu namba tu huwa mbaya kuliko vyote kwa sababu chuma hakitanuki. Buti la aina hiyo halina dawa isipokuwa kupata jingine lililo pana.

Kiatu kinachofaa kina nafasi ya upana mbele kiasi cha vidole kuweza kutandazwa, soli nene isiyokunjika kirahisi katikati, kisigino kisichozidi upana wa vidole viwili vya mkono, na kamba au mkanda wa kuushika mguu ili usiteleze mbele. Ukinunua viatu vya mtumba pale sokoni Kongowea au kwingineko, tazama soli ya ndani kabla ya kutazama rangi ya nje: kiatu kilichokwisha kuvaliwa kina shimo la wayo wa mwenyewe wa kwanza, na shimo hilo likiwa chini ya bonde lako linalouma litakuwa na kazi ya kukubana badala ya kukutuliza. Nunua jioni, wala si asubuhi. Ikiwa kiatu ulicho nacho kina kamba, ruka matundu mawili ya mbele unapokifunga. Mabadiliko hayo madogo huwapa wengine nafuu siku hiyo hiyo.

Yanauma hata katika champali, hata bila viatu

Hapa ndipo mashauri ya nchi za baridi yanapotushinda. Huko mtu huambiwa avue viatu akifika nyumbani, naye hukanyaga zulia. Huku kwetu tunavua viatu mlangoni na kukanyaga saruji au vigae, kisha tunashinda tukifanya kazi za nyumba bila kitu mguuni, na tukitoka tunavaa champali ambazo zimekwisha kulika hadi wayo unaihesabu kokoto moja moja ya njia za Mji wa Kale. Sakafu ngumu haiubani wayo kutoka pembeni, lakini huupiga kutoka chini, na mshipa uliokwisha kunenepa hauvumilii kupigwa.

Champali ina kosa jingine ambalo halionekani upesi. Kwa kuwa haina mkanda wa nyuma, vidole hulazimika kuikamata kila hatua isichopoke, na katika kuikamata hujikunja kama makucha. Tazama vidole vyako ukitembea nazo na utaliona jambo hilo. Makubadhi ya ngozi yaliyoshonwa vizuri na kuushika mguu ni nafuu kidogo, ila soli yake ni nyembamba na inahitaji kuongezewa. Lililo bora ni kutenga jozi moja ya sandali zenye soli nene na mkanda wa kisigino, zisizotoka nje kabisa, ziwe za ndani tu. Mwanzoni wenyeji wa nyumba watakucheka. Kwangu mimi sandali za jikoni zilileta nafuu zaidi kuliko kila nilichonunua katika duka la dawa.

Wengine huniambia maumivu yao huja katika sala, na sababu yake ni dhahiri ukiufikiria mkao wa tahiyatu. Mguu wa kulia husimamishwa kwenye vidole vilivyokunjwa, na huo ndio mkao unaouvuta mshipa na kuukandamiza kwenye kano. Mgonjwa haimlazimu kuvumilia. Anaweza kuulaza mguu, au kukaa kwa namna nyingine inayomfaa, au kusali kitini hadi apone, kwa kuwa sala humtaka mtu kadiri ya uwezo wake. Mwenye kupenda kuhakikisha amuulize imamu wake, lakini asiendelee kuusimamisha mguu huo kwa ukaidi mara kadhaa kwa siku halafu akashangaa mbona hauponi.

Umeweka pedi na maumivu yamezidi

Kosa hili ni la wengi, na nililifanya kwa majuma mawili. Mtu akiumwa mahali, akili humwambia atie kitu laini pale pale panapouma. Pedi ikiwekwa chini ya bonde linalouma huujaza nafasi ndogo iliyobaki na kuusukuma mshipa juu kwenye kano. Mahali pake ni nyuma ya pale panapouma, upande wa kisigino, ili iinyanyue mifupa kabla ya vichwa vyake na kuifanya iachane kidogo, mshipa upate kupumua.

Namna ya kupapata mahali hapo bila kukisia ni hii. Bonyeza hadi upate uchungu ulipo mkali zaidi, upake hapo wanja au rangi ya midomo, kiasi cha tone. Vaa kiatu bila soksi, simama wima kwa uzito wako wote, kisha uvue bila kuburura mguu. Soli ya ndani itakuwa na doa. Pedi yako, yenye umbo la tone la maji au yai dogo, ibandikwe ili ukingo wake wa mbele uishie nyuma kidogo ya doa hilo, bila kulifunika. Jaribu kwanza kwa utepe wa gundi kabla ya kubandika moja kwa moja, kwa sababu karibu kila mtu hulazimika kuisogeza milimita chache mbele au nyuma.

Ukikosa pedi za dukani, fundi viatu wa mtaani anaweza kukuchongea, mradi umweleze vizuri. Mpira wa tairi ni mgumu mno kwa kazi hii. Wa kwangu alichukua kisigino cha champali kuukuu, ile ya sponji nzito, akakikata kwa wembe kikawa kama nusu ya ukwaju uliomenywa, akazisaga kingo zake kwa msasa hadi zikawa hazionekani zinapoishia, akanipa nikajaribu nikiwa nimesimama mbele ya kibanda chake, akaipunguza tena. Unene wa kama milimita 5 unatosha kuanzia. Siku tatu za kwanza utahisi kama umekanyaga kitu kigeni, na hilo ni la kawaida. Lakini ukihisi uchungu ule wa zamani umezidi, basi pedi imekaa mbele mno, nawe uirudishe nyuma kabla ya kuilaumu.

Kiatu kimebadilika, pedi iko mahali pake, na bado

Jiulize kwanza umesubiri muda gani. Mshipa ulionenepa kwa miaka hautulii kwa juma moja. Mabadiliko haya yapewe angalau majuma sita, na ikiwezekana kumi na mawili, kabla ya kuhukumiwa. Lakini wapo wanaokwama kwa sababu nyingine, na ya kwanza ninayoitazama ni shavu la mguu. Misuli ya nyuma ya mguu ikiwa mifupi, kisigino huinuka mapema katika kila hatua, na uzito hukaa mbele kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Jipime: simama ukiutazama ukuta, ncha ya kidole gumba ikiwa kama sentimita 10 kutoka ukutani, kisha upeleke goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Ukishindwa, nyoosha misuli hiyo kila siku kwa kuegemea ukuta, mguu unaonyooshwa ukiwa nyuma na kisigino kikiwa chini, kwa sekunde 30, mara tatu, asubuhi na jioni.

Ya pili ni kazi yenyewe au mazoezi. Mwenye kukimbia ufukweni wa Nyali au Bamburi hukimbia juu ya mchanga ulioinama kuelekea baharini, mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini, na akikimbia bila viatu huongeza juu yake kukunjwa kwa vidole. Aache kwa muda, aogelee au aendeshe baiskeli akikanyaga kwa katikati ya wayo. Dereva wa gari lenye klachi ambaye wayo wake wa kushoto ndio unaouma achunguze ni sehemu gani ya wayo inayosukuma kanyagio katika foleni ya mjini, kwa kuwa kwa siku husukuma mara nyingi kuliko anavyodhani.

Kuhusu vituliza maumivu nitasema machache. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 jioni hufaa. Kuchua kwa mafuta hufaa ikiwa mkandaji anatandaza mifupa na kulegeza misuli, na hudhuru ikiwa anashindilia kidole bondeni akidhani anavunja fundo. Fundo hilo ni mshipa wenyewe, halivunjiki. Vidonge vya ibuprofeni au diklofenaki hupunguza uchungu kwa siku chache, lakini havimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye presha isiyotulia wala mjamzito bila daktari kujua, na kuvimeza kwa miezi ili uendelee kuvaa kiatu kile kile ni biashara ya hasara. Sindano za vitamini B, ambazo hupendwa sana, humsaidia aliyepungukiwa na vitamini hiyo. Haziwezi kupanua nafasi ya mshipa uliobanwa, na vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu mishipa ya fahamu.

Dalili zako hazifanani na hizi

Ikiwa nyayo zote mbili zinawaka au zimekufa ganzi, tena vidole vyote, na hali inapanda polepole kuelekea kwenye kifundo kama mtu aliyevaa soksi, na usiku kitandani ndipo inapozidi, basi acha kabisa kushughulika na viatu kwanza, ukapime sukari. Sina namna ya kulitilia mkazo wa kutosha jambo hili. Wako watu ambao kisukari chao kilijulikana kwa sababu ya nyayo, na wako waliokaa miaka wakinunua pedi huku sukari ikila mishipa. Ambaye tayari ni mgonjwa wa sukari hapaswi kutumia barafu wala maji ya moto kwenye wayo usiohisi vizuri, wala kutembea bila viatu hata chumbani, wala kuumikwa au kupigwa hijama kwenye miguu, kwa kuwa kidonda kidogo asichokihisi ndicho kinachoishia kwenye kukatwa kidole. Atazame nyayo zake kila usiku, kwa kioo kidogo kilichowekwa sakafuni kama hawezi kuinama.

Sukari ikiwa sawa, bado daktari atauliza mengine: pombe ya miaka mingi, upungufu wa vitamini B12, ambao humpata pia anayetumia metformini kwa muda mrefu, dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo ndiyo sababu wagonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo, maambukizi ya virusi vya ukimwi. Mtu mwenye baka la ngozi lililopauka lisilohisi mguso apimwe ukoma bila kuona haya, kwa sababu unatibika, na dawa zake hutolewa bure.

Ikiwa uchungu umeanzia kiunoni au tako ukashuka kwa nyuma ya mguu hadi wayoni, na ukikohoa unazidi, mshipa unaweza kuwa umebanwa mgongoni, na wayo unalia kwa msiba wa mbali. Ikiwa wayo mzima kwa chini unawaka, na ukigonga kwa kidole nyuma ya fundo la ndani la mguu unahisi shoti ya umeme ikikimbilia wayoni, mshipa umebanwa hapo kwenye kifundo. Hali zote mbili huhitaji mtaalamu wa mazoezi ya viungo au daktari, na pedi haitazigusa.

Kama ulipobonyeza uligundua ni mfupa unaouma na si bonde, tazama pia mgongo wa wayo. Uvimbe hapo juu, kwa mtu aliyeongeza ghafla kutembea au kubeba mizigo, kama hamali aliyeanza kazi mpya sokoni, unaweza kuwa mfupa uliopata ufa mwembamba. Picha ya eksirei inaweza kuuonyesha mzima katika majuma mawili matatu ya kwanza, kwa hiyo picha safi isimrudishe mtu kwenye mkokoteni ikiwa maumivu yangalipo. Uchungu chini ya kidole cha pili, pamoja na kidole hicho kuanza kupanda juu au kuegea upande, ni dalili ya kano ya chini ya kiungo kulegea au kuchanika, nayo huchanganywa mno na nuroma. Kidole gumba kilichovimba ghafla usiku, chekundu na kisichostahimili hata uzito wa shuka, ni jongo, yaani gauti, hadi ithibitishwe vinginevyo.

Ngozi nayo isisahauliwe. Nilimwona kijana aliyeambiwa ana mshipa, kumbe alikuwa na kipande cha mwiba mweusi wa kiumbe wa baharini, amekikanyaga miambani maji yalipokupwa, kikajifukia chini ya sugu. Chunguza wayo kwa mwanga kabla ya kutaja mishipa.

Usingoje majuma yoyote ikiwa kuna kidonda kisichopona, homa pamoja na uvimbe mwekundu, kidole kinachogeuka cheusi au baridi, mguu unaoshindwa kuinuka unapotembea, au kushindwa kuzuia mkojo pamoja na maumivu ya mgongo. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Ukifika kwa daktari

Nenda na viatu unavyovivaa zaidi, wala si vile vizuri vya kutokea. Mweleze vidole gani vinakufa ganzi, maumivu huja baada ya kutembea kiasi gani, na ni nini huyatuliza. Uchunguzi kwa mikono hutosha mara nyingi. Eksirei huagizwa ili kuondoa shaka ya mfupa, nayo haiuonyeshi mshipa, ilhali ultrasaundi au MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, huweza kuonyesha unene wake. Nilipoumwa niliwahi kurudishwa nyumbani na daktari mmoja kwa sababu eksirei ilikuwa safi, na jibu la picha lilikuwa sahihi. Swali ndilo lililokuwa si lake.

Viatu na pedi visipofaa baada ya miezi kadhaa, hatua inayofuata aghalabu ni sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, iliyochanganywa na dawa ya ganzi, inayochomwa kutokea juu ya wayo. Nafuu yake hudumu majuma au miezi, kwa wengine zaidi. Ikirudiwa rudiwa inaweza kuyapunguza mafuta yanayoukinga wayo na kuiacha ngozi na doa jeupe, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo apime mara nyingi zaidi. Ina faida moja isiyotajwa mara nyingi: ikiwa dawa ya ganzi imetiwa bondeni na maumivu yakapotea kabisa kwa saa hizo chache, umepata uthibitisho wa mahali. Ikiwa hayakubadilika hata kidogo, uliza kama si kiungo cha jirani kabla ya kukubali sindano ya pili. Kuna pia dawa za kumeza zinazotuliza mishipa ya fahamu, kama amitriptilini na gabapentini, ambazo huanzwa kwa kiasi kidogo na zisiachwe ghafla bila ushauri.

Upasuaji ni wa mwisho, ambapo mpasuaji hukata kano inayoubana mshipa au huondoa kipande chenyewe cha mshipa. Wengi hupata nafuu kubwa, lakini si wote, na katika wachache ncha iliyokatwa hufanya fundo jipya linalouma. Mshipa ukiondolewa, mbavu zile mbili za vidole zinazotazamana hubaki na ganzi ya kudumu. Wengi huizoea haraka kiasi cha kuisahau, ila wakitoka baharini inawapasa kutandaza vidole hivyo na kutazama kati yake kwa macho, maana chembe ya mchanga au kipande cha kombe kilichonasa hapo hawatakihisi hadi kikate.